Tele na Mfuto

Pakiti ya oti, pale nyuma penye jedwali la virutubisho, huwa na maneno mafupi: mlo wa mtu mmoja ni nusu kikombe, gramu 40. Zidisha mara mbili, kikombe kizima kinakuwa gramu 80, na mtu anaweza kudhani hesabu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kitabu kimoja cha mapishi kitakwambia kikombe cha oti ni gramu 90, kingine gramu 100, na hakuna anayedanganya kati yao. Kila mwandishi alichota oti zake, akaziweka kwenye mizani, akaandika alichokiona.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kikombe chenyewe. Kikombe cha jikoni cha Marekani ni mililita 237 hivi, lakini kwenye lebo za vyakula kanuni za nchi hiyohiyo zinakihesabu kuwa 240. Cha Australia ni 250. Cha Japani ni 200. Kwetu kuna kikombe cha chai, kikombe cha bati, kikombe cha plastiki kilichonunuliwa pamoja na jagi, na mapishi yetu yakisema "vikombe viwili vya unga" yanamwachia mpishi achague mwenyewe, bahati yake. Haya yote yana dawa: unanunua kikombe chenye mistari, yamekwisha. Lililo gumu, na mimi ndilo ninaloliona tamu, limo ndani ya kikombe.

Punje ya oti ikishakobolewa huwa ndefu, nyembamba, yenye mfereji upande mmoja kama ya ngano. Ina mafuta mengi kuliko ngano, tena ina kimeng'enya ambacho kisipouawa kwa joto huyaharibu mafuta hayo mpaka nafaka nzima ikawa chungu. Kwa hiyo kiwandani hupitishwa kwenye mvuke, na ikiwa bado moto na laini hubanwa kati ya magurudumu mawili ya chuma, ikatoka bapa, pana, na kingo zilizopasukapasuka. Ikikatwa kwanza vipande vichache ndipo ikabanwa, tena ikabanwa nyembamba zaidi, zinapatikana zile oti za kuiva upesi. Ikikatwa bila kubanwa zinapatikana chenga, ambazo Waayalandi na Waskoti huzichemsha nusu saa nzima na kuuona uji mwingine wowote kuwa wa watu wavivu.

Sasa weka vikombe viwili mezani, kimoja cha chenga na kimoja cha bapa. Kile cha chenga kina gramu 160 au zaidi. Kile cha bapa kina nusu yake. Punje ni ileile, pengine ya shamba lilelile, na mlaji atashiba kwa gramu wala si kwa ujazo. Kilichoingia katikati ni hewa. Gurudumu la chuma halikuongeza chakula. Liliipanua punje ikawa na umbo lisilokubali kukaa karibu na mwenzake.

Zimimine zile bapa polepole uzitazame. Zinatua zikiegemeana, moja imesimama kwa ukingo, ya pili imelala juu yake, na chini yao panabaki kijumba kitupu. Gonga kikombe mezani mara chache. Zinajilaza, na usawa unashuka karibu upana wa kidole. Pameshapatikana nafasi ya vijiko vingine viwili. Chota kwa kikombe chenyewe kutoka kwenye kopo, ukikisukuma kwenye lundo, utapata uzito mwingine tofauti na wa kumimina. Kisha kuna jambo ambalo wengi huligundua pakiti inapokaribia kuisha: kila mtikisiko, tangu kiwandani, melini, kwenye lori, mpaka kabatini, huzipandisha bapa kubwa juu na kuuteremsha unga na vipande vidogo chini. Kwa hiyo vikombe vya mwisho vya pakiti ni vizito kuliko vya mwanzo, na uji wake unavutika zaidi. Mpishi hubadilisha sufuria, humlaumu muuza duka, na kumbe ni pakiti ileile.

Watu wa pwani walikuwa na utaratibu wao kwa jambo hili. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Karafuu na pembe za ndovu zikaenda kwa frasila, ambayo ni uzito, kilo 16 kasoro kidogo. Vipimo viwili vya tabia mbili, kila kimoja na bidhaa zake. Na kibaba chenyewe kilikuwa na hali mbili zilizojulikana kwa kila muuzaji na mnunuzi: kibaba cha tele, kilichofanya kilima juu, na kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti au kiganja juu ya mdomo mpaka kikawa sawa. Bei ya tele haikuwa bei ya mfuto. Aliyeazima cha tele akarudisha cha mfuto alikuwa amejitangaza mwenyewe, hata kama jirani hakutamka neno.

Mwaka 1896 huko Boston, Fannie Farmer, mkuu wa shule ya mapishi ya mji huo, alitoa kitabu kilichoshikilia kwamba kila kijiko na kila kikombe kisawazishwe juu kwa kisu. Wamarekani wanamheshimu kwa hilo mpaka leo, na wana haki. Kabla yake mapishi yaliandikwa siagi ya ukubwa wa yai, sukari kikombe kilichojaa vizuri, na mengineyo ya namna hiyo. Alichofanya ni kuichagua mfuto na kuifanya sheria ya jikoni nchi nzima. Hata hivyo kisu kinasawazisha juu tu. Habari ya chini, ya vijumba vitupu kati ya bapa na bapa, hakina uwezo nayo. Sukari na mchele ni watiifu, ukizipima mara kadhaa majibu yanakaribiana. Unga wa ngano ni mkaidi. Oti ni wakaidi zaidi.

Sokoni ukaidi huo ndiyo riziki. Tanzania utapimiwa maharage kwa sado, kopo la rangi la lita 4 hivi. Kenya kwa gorogoro, lililoanza maisha likiwa kopo la kilo 2 la mafuta ya kupikia. Mama mwenye meza anachota, anatikisa kidogo au hatikisi, anapanga kilima kwa kiganja, punje zinaanza kuporomoka pembeni, naye anazidaka kwa mkono wa kushoto na kuzirudisha juu. Halafu mteja anasema maneno ambayo hayakosekani, "niongezee basi," na konzi nyingine inaingia mfukoni. Yote hayo ni sehemu ya kipimo. Ukitaka kujua sado moja ni kilo ngapi, lazima uulize pia: ya nani, ya saa ngapi, na mteja ni mgeni au wa siku zote? Kuna makopo yaliyobonyezwa kitako kwa ndani kidogo tu, na wanunuzi wazoefu hupitisha kidole chini ya kopo kabla ya kusema bei.

Kwa mkulima mambo hugeuka. Yeye ndiye anayejaza, na lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa juu likavimba kama mjamzito wa mapacha, humtoa mazao mengi kwa bei ya gunia moja. Tanzania sheria ya vipimo inalikataza. Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi. Ninaunga mkono kanuni hizo bila shaka yoyote. Ila huwa sikubaliani na wanaosema kwamba watu wanashikilia kopo kwa ujinga. Kopo unaliona. Kilima kinajengwa mbele ya macho yako, na unaweza kubishana nacho. Mizani inataka umwamini aliyeitengeneza, aliyeikagua, na sindano iliyo upande wa muuzaji. Ambaye hajawahi kumwona mkaguzi wa vipimo sokoni kwake ana sababu ya kupenda kitu anachoweza kukihakiki kwa kidole.

Wafanyabiashara wakubwa wa nafaka nao walipita njia hii. Busheli ilikuwa pipa: ujazo wa lita 35 na kidogo, urithi wa Uingereza uliovuka bahari hadi Amerika. Biashara ilipokua, mapipa yakawa hayafai, ikaamuliwa kwamba busheli ya kila nafaka ihesabiwe kwa uzito. Ndiyo maana leo huko Marekani busheli ya ngano ni kilo 27, ya mahindi kilo 25 na zaidi kidogo, ya shayiri karibu 22, na ya oti kilo 14 na nusu tu. Kanada wameiweka ya oti juu kidogo, kilo 15 na nusu hivi. Jina ni moja, na ukilitamka bila kutaja nafaka hujasema chochote. Ujazo umekufa, jina lake limebaki likibeba uzito.

Lakini haukufa kabisa, na hapa ndipo nilipoanza kuyaona majedwali ya kubadilisha vikombe kuwa gramu kwa jicho jingine. Mnunuzi wa oti kwenye maghala ya Marekani bado hujaza chombo cha ujazo maalumu, akakisawazisha kwa kijiti, akakipima uzito. Hatafuti kiasi, kiasi anakijua kwa lori zima lililopita juu ya mizani. Anatafuta ubora. Oti zilizonenepa, zenye kiini kilichojaa na ganda dogo, ni nzito kwa ujazo uleule. Zilizokauka shambani kwa ukame au ugonjwa ni maganda mengi na nyama kidogo. Daraja la kwanza linadai ratili 36 kwa busheli, daraja la nne linaridhika na 27. Namba ambayo jikoni tunaiona kero, kwamba kikombe leo ni 80 na kesho 95, huko ndiyo namba wanayoilipia.

Basi kero yetu nayo ina habari ndani yake. Ukipima kikombe cha oti mpya ukakuta ni kizito kuliko cha pakiti iliyopita, umeambiwa kitu: zimekatwa ndogo, au zimesagika njiani, au umefika chini ya gunia. Uji utaiva mapema na utataka maji zaidi.

Kuna mahali ambapo suala hili la ujazo na uzito lilikuwa zito kuliko jikoni. Zaka ya fitri, ambayo Mwislamu huitoa mwishoni mwa Ramadhani kabla ya sala ya Idi, iliwekwa kwa pishi: pishi ya tende, au pishi ya shayiri. Pishi hiyo ya Madina ni mudi nne, na mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa na kujazwa. Hakuna mizani hapo, kuna mikono. Wanazuoni walipotaka kuieleza kwa ratili pakazuka hitilafu. Abu Hanifa na wenzake wa Kufa walisema ratili 8 za Baghdad. Watu wa Madina walisema ratili 5 na theluthi. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alikwenda Madina katika karne ya 8 akajadiliana na Imamu Malik. Hawakumaliza kwa hoja. Waliletwa watu wa mji, kila mmoja na pishi aliyoirithi kwa baba au babu. Zikapimwa, zikaonekana zinalingana. Abu Yusuf akaiacha kauli ya mwalimu wake.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake bado vinadarasishwa pwani yetu ya Kishafii, alilirudia jambo hili na kulisema wazi: asili ni chombo, ratili ni makadirio, kwa kuwa nafaka hazilingani uzito. Nadhani hakuna mpishi aliyewahi kulieleza tatizo la kikombe cha oti kwa usahihi kuliko huo. Leo misikiti hutangaza kilo. Mahali fulani ni kilo 2 na nusu, pengine 3 kwa tahadhari, na kwa mchele inakubalika, maana chombo cha lita 3 hubeba mchele kilo 2 na zaidi. Chukua chombo hichohicho uweke oti za bapa: unapata kilo moja tu. Na anayetaka kilo 2 na nusu za oti hizo aandae ndoo ya zaidi ya lita 7. Kilo ni ileile, pishi ni ileile, ila ukizilazimisha zifuatane kwa kila kilichoota ardhini zinaachana njiani.

Nyumbani, suala linategemea unapika nini, na kwa maoni yangu watu wengi wana wasiwasi pasipostahili na wana ujasiri pasipostahili. Kwa uji, kikombe ni bora kuliko mizani. Unachohitaji ni uwiano kati ya oti na maji, na ukitumia chombo kimoja kwa vyote viwili, ukubwa wake haujalishi. Cha Japani, cha bati, kifuniko cha chupa ya chai, uji utakuwa uleule. Shurba ya Ramadhani hata uwiano haiutaki. Nyama imeshaiva na supu yake, oti zinatiwa kwa mkono huku mwiko ukizunguka, zikizidi unaongeza maji, na hakuna anayefuturu kwa shurba akauliza gramu.

Kwenye biskuti ndipo mtu anapoumbuka. Mapishi yakitaka vikombe vitatu vya oti, aliyemimina kwa upole ana gramu 240 na aliyechota kwa kusukuma ana 300. Tofauti ya gramu 60 ni robo tatu ya kikombe kizima, ilhali siagi, sukari na yai vimebaki vilevile. Wa kwanza biskuti zake zinatandazika kwenye trei mpaka zinashikana. Wa pili anatoa vitu vikavu vinavyotaka chai mbili. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kisukari aliyepangiwa gramu 40 za oti asubuhi: nusu kikombe kilichoshindiliwa kinaweza kumpa robo zaidi kila siku, na daktari akashangaa sukari inatoka wapi. Hao wawili wanunue mizani. Zile ndogo za betri hazina gharama kubwa tena.

Mizani nayo isitukuzwe kupita kiasi. Zile za jikoni zinazohesabu gramu mojamoja haziwezi kukupa chumvi ya kubana kwa vidole wala robo kijiko cha hamira. Hapo kijiko kinaishinda waziwazi. Na katika miji ya pwani msimu wa mvua, oti zilizoachwa wazi kabatini hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo sehemu ya gramu 100 unazopima ni maji ambayo hayakuwemo pakiti ilipofunguliwa. Ujazo ulikudanganya kwa hewa, uzito unakudanganya kwa maji, ingawa wa pili ni mdogo zaidi na kopo lenye mfuniko mzuri linautibu.

Anayetaka namba yake mwenyewe, wala si ya kitabu cha Boston, afanye hivi. Aweke kikombe kitupu juu ya mizani, aibonyeze irudi sifuri, amimine oti kama anavyomimina siku zote bila kujifanya mwangalifu kwa kuwa anapima, asawazishe juu kwa mgongo wa kisu, asome. Arudie mara mbili tatu, achukue ya katikati, aiandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo la oti, si kwenye daftari litakalopotea. Akibadilisha aina ya oti aikate aandike nyingine. Na wanaotuandikia mapishi kwa Kiswahili watufanyie hisani ya kuweka gramu kwenye keki, mikate na biskuti, na vikombe watuachie kwenye uji: kimoja cha oti, viwili na nusu vya maji, chumvi kidogo, hiliki ukiipenda, maziwa mwishoni.